Mgonjwa wa Nafsi Si Mwenye Imani Dhaifu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mwili na nafsi, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, somo letu la mara hii nimelileta kutoka mbali na bahari, nalo limenigusa mimi mwenyewe kabla ya kumgusa mtu mwingine. Nilikwenda Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, kumzuru kijana mmoja aliyesoma darsani kwetu, ambaye sasa ana duka huko na hupeleka bidhaa Kakuma, mwendo wa kiasi cha kilomita 120 kwa barabara iendayo Lokichoggio na mpaka wa Sudani Kusini. Sisi watu wa miji ya pwani tukisikia Lodwar twakumbuka kwamba ndiko Mzee Jomo Kenyatta alikowekwa na serikali ya kikoloni mwaka 1959 baada ya kifungo cha Lokitaung. Na tukisikia Kakuma twakumbuka kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992. Zaidi ya hayo hatujui, wala hatuulizi. Nami nilidhani nakwenda kula chakula na mwanafunzi wangu na kumwombea dua. Kumbe alikuwa ameniita nimwandikie mkewe talaka.

"Maalim," akaniambia, "mimi nimechoka. Asubuhi mimi ndiye mume bora duniani, jioni mimi ni adui. Nikienda Kakuma siku mbili na simu ikakosa mtandao, nikirudi nakuta vyombo vimevunjwa na mwenyewe amejijeruhi mikono. Kisha atalia usiku kucha akinishika nguo nisimwache. Nimempeleka kwa mganga mara mbili. Nimetoa mbuzi, nimetoa pesa, nimefungiwa hirizi. Hakuna kilichobadilika."

Nikamwuliza: "Mwanangu, na hospitali je?"

Akanijibu: "Hospitali ya nini, Maalim? Hana homa."

Mkewe alikuwa amekaa nyuma ya pazia pamoja na mamake. Ni mtu wa jamaa waliokimbia vita vya Somalia, naye amekulia kambini Kakuma. Akasema kwa sauti ndogo: "Maalim, mimi si mtu mbaya. Nafanya, kisha najichukia kwa nilichofanya. Simu yake ikizimika, mimi naona nimezikwa."

Ndugu zangu, maneno haya yalinichoma, kwani yalinikumbusha dhambi yangu. Miaka mingi iliyopita, hapa mjini kwetu, mama mmoja aliniuliza baada ya darsa juu ya binti yake aliyekuwa na hali kama hii hii. Nami nikamjibu mbele ya watu kwamba binti huyo imani yake ni dhaifu, na ahimizwe kusali na kusoma Qur'ani. Mama yule akainamisha kichwa, akajifunika buibui lake, akaondoka, wala hakurudi tena darsani. Sikumwuliza binti analala vipi, wala anakula nini, wala amepatwa na nini utotoni. Nilikuwa na jawabu kabla ya kulisikia suali. Basi haya niyaandikayo leo ni jawabu nililopaswa kumpa mama yule, na laiti lingemfikia.

Maradhi haya ni nini

Yatupasa kwanza tujue kwamba jambo hili ni maradhi, na madaktari wa nafsi wanayajua na wameyapa jina. Mwaka 1938 daktari mmoja wa New York, Adolph Stern, aliwaeleza wagonjwa wa namna hii kuwa wako "mpakani", kwa sababu hawakuwa wameingia katika wendawazimu, wala hawakuwa na wasiwasi wa kawaida tu. Jina hilo likaganda, na mwaka 1980 maradhi hayo yakaingizwa rasmi katika kitabu wanachokitumia madaktari wa nafsi wa Marekani. Kwa lugha yetu twaweza kuyaita maradhi ya nafsi ya mpakani.

Alama zake ni hizi. Mgonjwa huwa na khofu kubwa ya kuachwa, hata pasipo mtu anayetaka kumwacha. Humpenda mtu mapenzi ya kupita kiasi, kisha siku ile ile akamchukia. Hajijui vyema yeye ni nani. Hukasirika hasira asiyoweza kuizuia, na huona ndani ya moyo wake utupu usiojaa. Hutenda mambo kwa pupa, kisha akajuta. Na la khatari zaidi, wengi wao hujidhuru mwili, na baadhi yao hufikia kutaka kujiua. Hapana budi alama kadhaa zikutane na zidumu muda mrefu ndipo daktari ahukumu kwamba ni maradhi haya. Basi asitoke mtu akambandika jina hili mke au mwana aliyemkasirikia jana.

Na sababu yake ni nini? Wataalamu husema yapo mambo mawili yanayokutana. La kwanza ni maumbile: wako watu waliozaliwa na moyo mwepesi wa kuumia, huumia haraka, huumia sana, na huchelewa kutulia. La pili ni mazingira: mtoto wa moyo huo akilelewa penye mateso, au penye vita, au katika nyumba isiyokiri maumivu yake, hapati kujifunza namna ya kuutuliza moyo. Na sisi tujitazame. Ni mara ngapi mtoto hulia kwa jambo lililomuumiza kweli, nasi tukamwambia: "Nyamaza, hata hujapigwa"? Mtoto huyo hujifunza mambo mawili tu: kwamba aonayo moyoni ni uwongo, na kwamba hatasikiwa mpaka apige ukelele.

Si pepo, wala si upungufu wa dini

Sisi twaamini kuwako kwa majini, kwani Mwenyezi Mungu ametukhabarisha. Lakini kuamini kuwako kwao ni jambo moja, na kumtwika jini kila tusilolijua ni jambo jingine. Mganga anayechukua mbuzi wa maskini na kumfungia hirizi mgonjwa wa nafsi hakumtibu mgonjwa. Amejilisha mwenyewe tu. Na Mtume wetu (S.A.W.) alipoulizwa juu ya kujitibu, aliamrisha watu wajitibu, akatufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa yake. Hakusema ugonjwa wa tumbo tu au wa kichwa tu.

Ama wale wasemao, kama nilivyosema mimi, kwamba mwenye dhiki ya moyo imani yake ni dhaifu, na waitazame Qur'ani. Nabii Yaaqub alimlilia mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe, naye ni Nabii. Bibi Maryam, ambaye Mwenyezi Mungu amemteua juu ya wanawake wa walimwengu, alipofikwa na uchungu wa uzazi peke yake alitamani lau angalikufa kabla ya siku ile. Je, alikemewa? Aliambiwa imani yake ni dhaifu? La. Aliliwazwa asihuzunike, akaonyeshwa maji yapitayo chini yake na tende mbivu juu yake, akaambiwa ale, anywe, na moyo wake utulie. Huo ndio utaratibu wa Mola wetu kwa mja aliyezidiwa: kwanza amempa maji na chakula na maneno ya upole, kisha ndipo akamwelekeza la kufanya mbele ya watu.

Na iko khabari nyingine ambayo nimeisoma mara nyingi na sikuizingatia mpaka nilipofika Kakuma. Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Jabir (R.A.) kwamba sahaba Tufayl bin Amr wa kabila la Daus alihajiri kwenda Madina pamoja na mtu wa kabila lake. Hewa ya Madina haikumfaa mtu yule. Akaugua, akashindwa kustahimili, akajikata mikono, na damu ikamtoka mpaka akafa. Kisha Tufayl akamwona usingizini akiwa katika hali njema, ila ameifunika mikono yake. Akamwuliza, naye akamjibu kwamba Mola wake amemsamehe kwa sababu ya hijra yake, lakini ameambiwa kwamba alichokiharibu mwenyewe hakitatengenezwa. Tufayl akamweleza Mtume (S.A.W.), na Mtume akamwombea Mwenyezi Mungu aisamehe na mikono yake pia.

Tafakarini, ndugu zangu. Mtu huyu alikuwa muhajiri, ametoka kwao, yuko ugenini, mgonjwa, na amejidhuru kwa mkono wake mwenyewe. Mtume hakulihalalisha tendo lile, kwani kuidhuru nafsi ni haramu, na mikono ile ilifunikwa kuwa ni alama. Lakini lililomtoka Mtume halikuwa laana wala lawama. Lilikuwa dua kwa ile mikono. Na Imamu Nawawi ameitaja khabari hii kuwa ni dalili kwamba mtu wa namna hiyo hatolewi katika Uislamu. Basi nani ametupa sisi ruhusa ya kuwa wakali kuliko Mtume wetu?

Hata sheria ya nchi imeanza kuelekea kwenye huruma hiyo. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha sheria ya jinai ya Kenya kilimhesabu kuwa mkosaji mtu aliyejaribu kujiua, na watu wa nyumbani wakaogopa kumpeleka hospitali wasije wakamkabidhi kwa polisi. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu mjini Nairobi ilihukumu kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Basi udhuru wa khofu hiyo umepungua.

Dawa yake

Maradhi haya hayana kidonge chake maalumu. Vidonge huweza kusaidia mambo yanayofuatana nayo, kama huzuni kubwa au kukosa usingizi, lakini tiba yake khasa ni mazungumzo na mazoezi ya nafsi. Tiba iliyochunguzwa sana ni ile iliyotungwa na Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani. Mwaka 1991 matokeo ya uchunguzi wake wa kwanza yalitolewa: wanawake waliozoea kujidhuru walitibiwa mwaka mzima, na wale waliopata tiba yake walijidhuru kwa uchache zaidi na walilazwa hospitali siku chache zaidi kuliko waliotibiwa kwa njia za kawaida. Na mwaka 2011 bibi huyu alitangaza hadharani kwamba yeye mwenyewe, mwaka 1961, akiwa msichana wa miaka 17, alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Hartford kwa sababu ya kujidhuru. Aliyeitunga dawa ndiye aliyekuwa ameonja ugonjwa.

Tiba hiyo ina mafunzo manne. La kwanza, ambalo ndilo msingi wa yote, ni hudhuri ya moyo: mtu ajifunze kukaa na saa aliyomo, aitazame pumzi yake, auone mwili wake, na alitambue wimbi la moyo linapoinuka, bila kulifuata na bila kujilaumu kwa kuwa limeinuka. La pili ni kustahimili dhiki bila kuizidisha. La tatu ni kuyajua maono ya moyo na kuyaongoza. La nne ni kusema na watu kwa njia ya kuomba haki yako pasipo kuvunja undugu. Na juu ya mafunzo yote manne umesimamishwa msingi mmoja: mgonjwa akubaliwe kama alivyo leo, na papo hapo asaidiwe kubadilika kesho. Wengi huona mambo haya mawili yanapingana. Sisi hatupaswi kuona hivyo, kwani Mtume wetu alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Kuridhia na kujitahidi ni ndugu wawili.

Je, si kuwaiga wasiokuwa Waislamu?

Najua msomaji mmoja atasema: "Mazoezi haya ya kuitazama pumzi asili yake ni ya Mabudha, vipi Maalim atuletea?" Suali hili ni la haki na lastahili jawabu.

Ni kweli kwamba Jon Kabat-Zinn alipoanza mwaka 1979, katika chuo cha udaktari cha Massachusetts, kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu ya kudumu, alilichukua zoezi hilo kwa Mabudha, na Linehan naye alijifunza kwao. Lakini waliloliingiza hospitalini si ibada, ni zoezi la kuituliza nafsi. Na kanuni ya wanazuoni wetu ni kwamba katika ibada hatufanyi ila tuliloamrishwa, na katika mambo ya dunia lolote ni halali mpaka ije dalili ya kulikataza. Handaki lililochimbwa kuilinda Madina lilikuwa mbinu ya Waajemi, nao wakati huo walikuwa wakiabudu moto, Salman (R.A.) alilishauri, na Mtume (S.A.W.) akalichimba kwa mikono yake. Alichukua handaki, hakuchukua moto.

Tena msingi wa jambo hili si mgeni kwetu. Moyo kuhudhuria katika Sala ni jambo ambalo Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, amelieleza kwa urefu katika Ihya, na humo humo ameweka kitabu kizima juu ya mtu kuichunga nafsi yake na kuihesabu. Na kabla yake, Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akaeleza kwamba hasira, khofu, huzuni na wasiwasi ni maradhi yanayohitaji tiba kama maradhi ya mwili, akashauri mtu ajiwekee fikra njema wakati wa utulivu azitumie wakati wa dhiki, kama awekavyo dawa nyumbani. Profesa Malik Badri wa Sudani, aliyefariki mwaka 2021, alikifasiri kitabu hicho ili wanafunzi wa elimu ya nafsi wajue kwamba wazee wetu walikuwa wametangulia. Na Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye hasira akae ikiwa amesimama, na asipotulia alale, na imepokewa pia kwamba atawadhe, ingawa wako wanaoitilia udhaifu isnadi yake. Leo madaktari humwambia mgonjwa aliyepandwa na wimbi abadili kikao chake na ajimwagie usoni maji baridi.

Lakini natahadharisha kwa pande mbili. Kwanza, tusiligeuze zoezi hili kuwa uradi, tukalipangia idadi na kuliita Sunna. Tutakuwa tumetoka katika tiba tukaingia katika uzushi. Pili, tusiseme: "Maadamu tuna Sala, hatuna haja ya daktari." Sala ni nguzo ya dini na utulivu wa muumini, lakini aliyevunjika mguu husali na hufungwa gango.

Khabari ya Kakuma

Mtu atauliza: tiba ya mwaka mzima, yenye waganguzi waliosomea, itapatikana wapi Turkana? Ni kweli kwamba madaktari wa nafsi katika Kenya ni wachache, na wengi wao wako Nairobi na miji mikubwa. Kakuma na makazi ya Kalobeyei yana watu zaidi ya laki mbili, wengi wao wakiwa wameona vita kwa macho yao, na mwaka 2025 posho ya chakula ilipunguzwa sana mpaka watu wakaandamana. Lakini uchache si sawa na kutokuwapo. Hospitali kuu ya kaunti iko Lodwar. Na Kakuma mashirika kama International Rescue Committee na Jesuit Refugee Service yamekuwa yakitoa matibabu na ushauri nasaha kwa miaka mingi. Na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani na lile la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi yalitoa mwongozo wa kumwezesha hata muuguzi wa kawaida kambini kumtambua mtu aliye katika khatari ya kujidhuru na kumsaidia.

Tena iko khabari ya kutia moyo kutoka kwa jirani zetu. Katika makazi ya Rhino, kaskazini-magharibi mwa Uganda, wanawake 694 wakimbizi wa Sudani Kusini walishiriki katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2020. Baadhi yao walikusanyika kwa vikundi, saa mbili kwa juma, kwa majuma matano, wakasikiliza sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, na wakapewa kitabu cha picha. Waliowaongoza walikuwa wanawake wenzao waliofundishwa kwa muda mfupi. Walifundishwa kukanyaga ardhi na kuitambua, kuitazama pumzi, kulitaja jina lile linalowasumbua, na kujifanyia wema wao na wenzao. Baada ya miezi mitatu walikuwa na dhiki pungufu na hasira pungufu kuliko wenzao. Yanipasa niseme kweli: mafunzo yale hayakutungwa khasa kwa maradhi ya mpakani, na faida yake haikubakia kubwa kama ilivyokuwa mwanzo. Lakini yameonyesha kwamba mkimbizi aliyekaa juu ya mkeka anaweza kufundishwa kuutuliza moyo wake bila ya ghorofa wala mashine.

Basi sikuandika talaka. Tulikwenda sote Kakuma, tukamwona mshauri wa mambo ya nafsi, mwanamke mpole wa maneno machache. Kakuma unapita mto wa mchanga uitwao Tarach. Siku nyingi ni mkavu, watu hupita ndani yake kwa miguu. Mvua ikinyesha milimani mbali, maji hushuka kwa kishindo hali mbingu ya Kakuma ni safi, na anayekutwa katikati huchukuliwa. Mshauri akamwambia yule binti: "Wewe wajua Tarach. Maji yakija, hupigani nayo, wala hujitupi ndani. Wapanda ukingoni, watazama, wangoja yashuke. Na yote hushuka. Moyo wako ni hivyo hivyo. Wimbi likija, weka miguu chini, vuta pumzi, sema: hii ni khofu. Khofu si khabari."

Khofu si khabari! Nimesomesha miaka mingi na sijapata kusikia tafsiri nzuri kuliko hiyo ya kuichunga nafsi. Simu ikizimika, khofu humwambia kwamba ameachwa. Lakini khofu haikutoka Lodwar wala Kakuma na khabari yoyote, imetoka moyoni mwake tu.

Kisha mshauri akamgeukia mume: "Nawe, baba, kabla hujasafiri mwambie saa utakayorudi, na mahali ambapo simu haitashika. Wimbi likiwa juu usimhoji, wala usimwambie aache upumbavu. Mwambie: naona unaumia, niko hapa. La kurekebisha, lisemeni kesho."

Wasia wangu

Enyi wazee na enyi waume na wake wa miji yetu, nawausia haya, nami najiusia kwanza.

Kwanza, mtu wa nyumbani mwenu akijidhuru, msimfungie ndani kwa ajili ya kuficha aibu, wala msimpeleke kwa mganga. Mpelekeni hospitali, waulizeni walipo washauri wa nafsi, na nyumbani viondoeni mbele yake vitu vya khatari.

Pili, akisema anataka kufa, msimwambie anajidai. Mwulizeni waziwazi, msikilizeni, na asiachwe peke yake mpaka apate msaada. Kuuliza hakumtii wazo asilokuwa nalo, kunamfungulia mlango.

Tatu, msikate tamaa. Waliofuatwa na wataalamu kwa miaka mingi wameonekana wengi wao kupata nafuu kubwa, na alama nyingi kuondoka. Ugonjwa huu ni mrefu, lakini si wa milele.

Nne, waume msiharakishe talaka katika saa ya gharika. Talaka ni halali, na iko siku huwa ndiyo njia; lakini asiitoe mtu kwa ugonjwa ambao bado hajautafutia dawa. Na mwenye kumwuguza naye ana haki: apumzike, asaidiwe na jamaa, wala asiachwe abebe peke yake. Wala hapana atakiwaye kustahimili kipigo.

Tano, na hili ni letu sisi tusomeshao: tusikilize kabla ya kujibu. Anayekuja na dhiki ya nyumbani kwake amekuja na amana. Tukimrudisha kwa aibu, hatutajua alikwendea nani baada yetu.

Mwatamani kujua khabari ya yule binti. Hakupona kwa siku moja. Mumewe ameniarifu kwamba bado ziko siku za wimbi, na mwezi wa pili alijidhuru tena, wakarudi kwa mshauri. Lakini aliposafiri mara ya mwisho na simu ikazimika, aliporudi alimkuta mkewe amekaa mlangoni na mamake, miguu yake mitupu imekanyaga mchanga, anavuta pumzi na machozi yanamtoka. Vyombo vilikuwa vizima. Akamwambia: "Ilikuja. Nimeingoja mpaka ikashuka."

Na wewe mama uliyeniuliza siku ile msikitini, ikiwa karatasi hii imekufikia: nisamehe. Nilikosa. Binti yako hakuwa na imani dhaifu, alikuwa mgonjwa, na ilinipasa nikuonyeshe maji kabla ya kukuhubiria. Ikiwa yu hai, mlango wangu u wazi, nami nitafuatana nanyi hospitali kwa miguu yangu. Na ikiwa amekwisha tangulia, basi namwombea kama Mtume wetu alivyomwombea mhajiri yule: Ewe Mola wetu, msamehe, na mikono yake pia uisamehe.

Ewe Mwenyezi Mungu, waponye wagonjwa wetu wa mwili na wa nafsi, walio Lodwar na Kakuma na walio katika nyumba zetu nasi hatuwajui. Tupe masikio kabla ya ndimi. Amin.